UZI: Nani alipie KBC? Historia ya pesa, redio na mkono unaolambwa

1/ Kila msimu wa siasa, swali hili hurudi. Mmoja anapanda jukwaani anasema KBC ni mzigo, iuzwe. Mwingine anajibu ni mali ya wananchi, iongezewe bajeti. Watu wanapiga makofi, mkutano unaisha, na hakuna aliyeelewa zaidi ya alivyokuja. Hebu leo tuipitie historia yenyewe polepole. Humu hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunataja miaka, sheria na pesa.

2/ Niseme jambo moja mapema ndio tusipotezane njiani. Sisi hupenda kuuliza: "Serikali itoe pesa ngapi?" Lakini ukifuata historia ya karibu miaka 100, swali zito ni lingine: hiyo pesa inapitia mkono wa nani kabla ifike studio, na mwenye mkono anaweza kuufunga wakati gani? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Maana yake, ule wenye kitu ndio hulambwa. Shikeni hiyo, tutairudia.

3/ 1928. Redio inaanza Nairobi chini ya kampuni ya British East African Broadcasting Company. Lugha ni Kiingereza, wasikilizaji ni walowezi. Mwafrika hakuhesabiwa kabisa. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndipo serikali ya kikoloni ikakumbuka kuzungumza na Waafrika redioni, kwa sababu vijana wao walikuwa wamepelekwa vitani na jamaa zao walitaka habari. Kwa hivyo redio yetu haikuanza kwa sababu mwananchi aliiomba. Ilianza pale serikali ilipokuwa na la kumwambia.

4/ 1953. Hali ya hatari imeshatangazwa tangu Oktoba 1952, vita vya Mau Mau vimepamba moto. Wakati huo ndio inaanzishwa African Broadcasting Services, ikitangaza kwa Kiswahili, Dholuo, Kikuyu, Kinandi, Kiluhya, Kikamba na Kiarabu. Baadaye vikaja vituo vya mikoani: Sauti ya Mvita kule Mombasa, kituo cha Mlima Kenya Nyeri, na kituo cha Ziwa Kisumu. Kwa mara ya kwanza mama wa kijijini anasikia lugha yake hewani. Ni jambo zuri, tusikatae. Lakini anayelipa umeme wa mtambo ni serikali ile ile inayowafunga wanawe kizuizini. Huduma ya kweli na propaganda zilisafiri kwa wimbi moja.

5/ 1961. Uhuru unanukia. Wakoloni wanaunda KBC ya kwanza. Ndio, ya kwanza, kwa sababu jina hili tumelitumia mara mbili. Mfano ulikuwa ule wa BBC: liwe shirika, lisiwe idara ya wizara. Mwaka 1962 runinga ikaingia, na mtambo wa kwanza uliwekwa kwenye nyumba ya shamba kule Limuru. Shida ikawa pesa. Zamani hizo ukiwa na redio ulitakiwa kisheria ulipie kibali, na shirika liliuza matangazo ya biashara pia. Lakini runinga ni ghali na walioimiliki walikuwa wachache mno. Hesabu hazikukubali. Shirika likabaki kutegemea Hazina.

6/ 1 Julai 1964. Bunge linapitisha sheria, shirika linataifishwa na kuwa Sauti ya Kenya, VoK. Hoja za wakati huo hazikuwa za kijinga: nchi ni changa, shirika linakula hasara, na sauti ya taifa huru haifai kubaki mkononi mwa wageni. Wengi wetu tungekuwepo tungeunga mkono. Lakini angalia matokeo. Mtangazaji sasa ni mtumishi wa serikali. Bajeti yake iko ndani ya wizara. Mhariri akitaka kujua habari ipi itangulie, hana haja ya kuuliza. Waliokulia miaka ya 80 wanakumbuka taarifa ya habari ilivyofunguliwa: "Mtukufu Rais..." Kisha Mtukufu Rais tena.

7/ Tusiwe na choyo ya sifa lakini. VoK ilifanya kazi. Vipindi vya shule, ushauri wa kilimo, kandanda, matangazo ya vifo yaliyowafikia jamaa kabla ya simu kufika vijijini. Salamu za wasikilizaji. Vioja Mahakamani. Leonard Mambo Mbotela na "Je, Huu ni Ungwana?" tangu 1966. Wengi mmemwona babu akianika betri juani ili zisukume redio hadi taarifa ya jioni iishe. Mtu hahangaiki na betri hivyo kwa kitu kisichomfaa.

8/ 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga wanajaribu kupindua serikali. Moja ya sehemu za kwanza walizoziendea ni studio za VoK. Mbotela alitolewa nyumbani kwake, akapelekwa chini ya mtutu wa bunduki, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo jeshi lililobaki tiifu likaikomboa studio, na redio ile ile ikatangaza kinyume. Unaona? Kituo kimoja, mitambo ile ile, sauti ya yeyote anayekishika. Tulikuwa tumejenga kipaza sauti kimoja kikubwa na kukipa mwenye nchi. Waasi walijua maana yake.

9/ 1989. Sheria mpya, KBC ya pili. Safari hii hadithi ni ya biashara: nyinyi ni shirika sasa, jitafutieni pesa. Na mwaka huo huo ukachukuliwa mkopo mkubwa kutoka Japani wa kuboresha mitambo, serikali ikiwa mdhamini. KBC haikuweza kuulipa. Deni likazaa riba, riba ikazaa riba, na mpaka leo ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinaeleza shirika lenye madeni ya mabilioni yanayozidi mali yake. Kwa hivyo mtu akikwambia "KBC inapata hasara kila mwaka", muulize: hasara ya vipindi, au hasara ya riba ya mkopo uliochukuliwa kabla vijana wengi wanaofanya kazi pale hawajazaliwa?

10/ Hapo ndipo mtego ulipo. KBC iliambiwa ifanye biashara, lakini pia ibebe mizigo ambayo hakuna mfanyabiashara angeibeba. Itangaze kwa lugha zenye wasikilizaji wachache. Itunze mitambo ya mbali. Ionyeshe sherehe zote za kitaifa. Wakati huo soko likafunguka: KTN 1990, Capital FM 1996, Kameme FM 2000, kisha mafuriko ya vituo vya FM. Wenye sabuni na bia wakahamisha matangazo yao kwa vituo vipya. Ni kama kumwambia dereva wa ambulensi ashindane na matatu kwa kubeba abiria, halafu umlaumu kwa kurudi na pesa kidogo.

11/ Je, kujitafutia pesa kuliiletea uhuru? Sheria yenyewe ya KBC ilikuja kuiamuru igawe muda wa hewani kwa haki kati ya mitazamo tofauti ya kisiasa, na wakati wa kampeni ivipe vyama muda wa bure. Imeandikwa. Lakini mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais, na mashimo ya bajeti huzibwa na Hazina. Uchaguzi wa vyama vingi ukarudi 1992, na lawama za upendeleo zikaifuata KBC uchaguzi baada ya uchaguzi. Karatasi ilisema hivi, mkono ulisema vile.

12/ 30 Desemba 2007. Pale KICC ukumbi unavurugika, waandishi wa vyombo vingine wanaondolewa. Matokeo ya urais yanasomwa katika chumba kingine, mbele ya KBC peke yake. Jioni hiyo serikali inapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Yaliyofuata mnayajua: zaidi ya watu 1,000 walikufa. Sisemi KBC ndiyo iliyosababisha. Nasema hivi: siku ambayo nchi ilihitaji kituo kimoja ambacho pande zote zingekiamini, hatukuwa nacho. Hiyo ni gharama, na haimo kwenye kitabu chochote cha hesabu.

13/ 2010 tukapata Katiba mpya. Ibara ya 34 inasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua maudhui yake, visipendelee upande, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti na ya wapinzani. Maneno mazito, someni wenyewe. Lakini ibara hiyo haisemi pesa itoke wapi wala ilindwe vipi. Katiba ilifungua mdomo wa KBC. Tumbo lake likabaki pale pale, wizarani.

14/ Halafu kuna mlango wa nyuma ambao watu husahau: matangazo ya serikali. Zabuni, nafasi za kazi, kampeni za afya, zote hulipiwa. Mwaka 2015 ukaundwa wakala mmoja wa serikali wa kushughulikia matangazo hayo. Machi 2024 likatoka agizo kwamba taasisi za umma zipeleke matangazo yao ya redio na runinga KBC pekee. Likapingwa mahakamani. Wengine walisema afadhali, pesa ya umma ibaki kwa shirika la umma. Wengine waliona fimbo ya kuvinyamazisha vituo binafsi. Kumbuka kanuni yetu: mkono unaoweza kumpa huyu kesho ndio unaoweza kumnyima yule leo. Wote wawili huanza kuulamba.

15/ "Basi iuzwe tumalize." Sawa, tuulize nani atapoteza. Huduma ya KBC ya kaskazini hutangaza kwa Kisomali, Kiborana, Kirendille na Kiturkana. Mwenye tangazo la biashara hufuata wanunuzi, na wanunuzi wengi wako Nairobi. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa hewani kupitia redio ya KBC, kwa sababu mtoto asiye na intaneti wala runinga huenda alikuwa na redio. Mnunuzi binafsi hatakuwa na wajibu wa kumkumbuka mtoto huyo. Si kwa ubaya wake. Biashara haiendeshwi hivyo.

16/ Wenzetu wamefanyaje? Uingereza hutoza ada ya leseni, na masharti ya BBC huandikwa kwenye hati ya miaka kadhaa, sio bajeti ya kila Juni. Ujerumani kila nyumba hulipa. Tume huru hupendekeza kiwango, na mwaka 2021 mahakama yao ya katiba iliamuru nyongeza ifike euro 18.36 kwa mwezi baada ya jimbo moja kuizuia. Afrika Kusini ina ada ya leseni pia, ila nyumba nyingi haziilipi na SABC inayumba. Marekani walikuwa wakitenga pesa miaka miwili mbele ili kuzuia shinikizo, lakini mwaka 2025 Kongresi ikafuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa. Hakuna ukuta usiobomoka. Ila kuna tofauti kati ya ukuta unaobomolewa mchana, watu wakiona na kupiga kura, na simu ya usiku kwa mkurugenzi.

17/ Najua hoja kali zaidi ya upande wa pili, na ni ya haki: "Hospitalini hakuna dawa, walimu hawatoshi, mbona tulishe redio?" Siwezi kumcheka anayesema hivyo. Jibu langu ni kwamba pesa isiende KBC kwa sababu tu ni KBC. Iende kununua vitu vinavyotajwa: lugha fulani, masaa fulani ya elimu, taarifa za mafuriko na ukame, muda sawa wa vyama wakati wa kampeni. Kisichotolewa, kisilipwe. Na ule mkopo wa zamani utenganishwe na hesabu za vipindi, ndio tujue tunalipia nini.

18/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na maneno ya KBC, awe wa "iuzwe" au wa "iongezewe", msipige makofi bado. Muulizeni matatu. Moja: pesa itapitia wapi, na nani anaweza kuizuia katikati ya mwaka? Mbili: bodi itateuliwa na nani, na inaweza kufutwa na nani? Tatu, na hili ndilo la kumpima: je, mpango huo utamridhisha siku atakapokuwa upinzani?

19/ Hilo la tatu wengi hukwama. Tangu 1964 kila aliyekuwa nje alilalamika kwamba kituo cha taifa kinamnyima nafasi. Alipoingia ndani, akakikuta kinafanya kazi vizuri sana. Mtambo haukubadilika. Kilichobadilika ni kiti alichokalia. Mwenye swali aulize hapa chini, lakini kwa heshima. Uzi umeisha.