Mji Kasoro Bahari: Historia ya Bendi za Morogoro

Wenyeji wa Morogoro huuita mji wao "mji kasoro bahari", na hulisema jambo hilo kwa majigambo. Milima ya Uluguru iko mgongoni, maji yanashuka yenyewe, mboga za Mgeta zinafika sokoni asubuhi zingali mbichi. Kilichopungua ni kimoja tu. Lakini yuko kijana mmoja wa mji huu ambaye kasoro hiyo ilimkosesha usingizi. Alikuwa amesikia muziki wa watu wa ng'ambo ya bahari, na alitaka kuufuata huko huko uliko.

Kabla ya kumfikia kijana huyo, tuanze na mji wenyewe. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, wakati wa Wajerumani. Kandokando yake yakaenea mashamba ya mkonge, na mkonge ukaleta manamba: vijana waliotoka mbali kuja kukata majani kwa mkataba. Pakawa na makarani, wafanyakazi wa reli, wenye maduka, mafundi cherehani, na Waluguru walioteremka mlimani na mizigo kichwani. Watu wa namna hiyo wana vitu viwili ambavyo mkulima wa kijijini hana kwa wakati mmoja: mshahara, hata uwe mdogo, na Jumamosi jioni. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya ikaenea bara pamoja na askari wa Vita vya Kwanza, ilikwisha kuwazoesha watu wa mijini kucheza kwa vyama, kwa sare na kwa ushindani. Dansi ilipokuja ilikuta uwanja umefagiliwa.

Kilichoikuza dansi ni santuri. Mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kutoa upya, kwa ajili ya soko la Afrika, nyimbo zilizorekodiwa na wanamuziki wa Cuba na nchi jirani zake. Sahani hizo zilikuwa na herufi GV na namba, na watu wakazijua kwa namba zake kuliko kwa majina ya waimbaji, kwa kuwa majina yalikuwa ya Kihispania. Sahani hizo hizo zilisikika Leopoldville na Brazzaville, nako zikachangia kuzaa rumba ya Kongo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Tanganyika iliipata Cuba kupitia Kongo tu. Zote mbili zilikunywa kisima kimoja, kila moja na kata yake.

Kujifunza wimbo kwenye gramafoni ya mkono ilikuwa kazi ya uvumilivu. Unazungusha mkono wa mashine mpaka springi ikaze, unashusha sindano, na una dakika tatu hivi kabla upande haujaisha. Mmoja anafuata gitaa, mwingine anafuata sauti ya pili, mwingine anahesabu ngoma. Pale pagumu, sindano inainuliwa na kurudishwa nyuma kwa kukisia. Na springi ikianza kulegea, wimbo unateremka: sauti inazama polepole, na gitaa uliloliweka sawa na santuri dakika moja iliyopita sasa liko juu. Inabidi mtu akimbilie mkono wa mashine. Vijana waliopita shule hiyo hawakuhitaji kusoma noti. Masikio yao yalikwisha kunolewa.

Bendi ya kwanza kubwa ya mji huu ni Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Neno "jazz" lisimpotoshe msomaji. Halikuwa na uhusiano mkubwa na muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Kwetu lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa, yenye magitaa na tarumbeta, inayopiga muziki wa kucheza mwanamume na mwanamke wameshikana. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo kabla yake, na baadaye wakaja Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na wengineo. Nyingi za bendi hizo zilikuwa klabu hasa: wanachama wanatoa ada, wanamchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na fedha za mlangoni zinaingia kwenye mfuko wa kununulia vyombo. Mpiga gitaa alikuwa fundi au karani mchana. Gitaa halikuwa lake.

Sasa kijana wetu. Salum Abdallah Yazidu alizaliwa mwaka 1928, akakulia hapa Morogoro, na santuri za Cuba zikamteka moyo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana aliondoka nyumbani kwa nia ya kutafuta meli ya kumpeleka Cuba. Alifika Mombasa. Bahari aliiona, safari ikaishia hapo. Akarudi kwenye mji kasoro bahari, na mwaka 1948, pamoja na ndugu zake, akaanzisha bendi. Waliiita La Paloma, jina la wimbo mashuhuri wa Kihispania lenye maana ya njiwa. Baadaye ikawa Cuban Marimba Band, na kwa jina hilo ndiyo inayokumbukwa.

Tutazame alichofanya. Hakuwa na kampuni nyuma yake, wala chama, wala mfadhili wa serikali. Alikuwa na ndugu, majirani, na muziki aliokosa kuufikia. Bendi za namna hii haziundwi kwa tangazo. Mmoja ana gitaa kavu, wa pili ana sauti inayoweza kuipokea ya kwanza bila kuikanyaga, wa tatu hana chombo ila hakosi pigo. Huyo wa tatu hupewa vijiti. Katika muziki wa Cuba vijiti viwili vya mti mgumu, vikigonganishwa mapigo matatu kisha mawili, ndiyo nguzo ambayo vyombo vingine vyote huegemea. Mpiga vijiti akiteleza, gitaa linapotea na wachezaji wanakanyagana. Nacho ndicho chombo cha bei ndogo kuliko vyote: kinatoka kwa fundi seremala. Kisha zikafuata manyanga, tumba, na kadiri mapato yalivyoruhusu, magitaa ya umeme na saksafoni.

Lugha nayo ilibidi itafutwe. Bendi nyingi za Afrika zilianza kwa kuimba Kihispania cha kubahatisha, maneno yaliyonaswa kwenye santuri bila kujua maana yake. Salum alichukua mwendo wa Cuba akautilia Kiswahili cha mjini, chenye mapenzi, mawaidha na habari za nchi. Hapo ndipo bendi ilipopata wenyewe. Mchezaji wa Morogoro hakuwa tena anasikiliza habari za watu wengine.

Tanganyika ya siku zile haikuwa na kiwanda cha santuri. Aliyetaka sauti yake iingie kwenye sahani alisafiri kwenda Kenya. Nyimbo za Cuban Marimba zilitoka kwa lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya wafanyabiashara Assanand & Sons wa Mombasa. Mji uliomkatisha safari ya Cuba ndio uliomfikisha kila penye gramafoni ya Afrika Mashariki. Redio nayo ilisaidia: Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na bendi ya mkoani ikaweza kusikika mbali na ukumbi wake.

Wapenzi wa rock hupenda kueleza jinsi Buzzcocks wa Manchester walivyokopa fedha kwa jamaa na marafiki, wakajitolea wenyewe santuri yao "Spiral Scratch" mwaka 1977, na jinsi jambo hilo lilivyowafungulia njia vijana wengine kuunda bendi bila kungoja kampuni kubwa. Ni habari nzuri. Lakini miaka karibu 30 kabla yao, chini ya Uluguru, watu walikuwa wanaunda bendi kwa mkopo wa ndugu na mchango wa mtaa, na hawakuwa na jina la kuipa tabia hiyo. Waliiona ni njia ya kawaida, kwa kuwa nyingine haikuwapo.

Nao hawakuwa wakipiga dansi kwenye nchi iliyotulia. Mwaka 1955 milima ile ile iliwaka: Waluguru walikataa amri ya kikoloni ya kulima matuta kwenye miteremko, na ghasia zikazuka. TANU, chama cha kupigania uhuru, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Ukumbi wa dansi ulikuwa mahali ambapo karani, dereva na mtu wa mkonge walikaa chini ya paa moja, chama chao wakikiendesha wenyewe, wakipiga kura na kukagua hesabu. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, wanachama wa bendi walikuwa wamekwisha kufanya mazoezi.

Kati ya Morogoro Jazz na Cuban Marimba mji uligawanyika, kama unavyogawanyika kwa mpira. Ushindani huo ulizinoa zote mbili. Halafu, Novemba 1965, Salum Abdallah akafa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 37. Cuban Marimba haikufa naye: Juma Kilaza alishika uongozi, na bendi ikaendelea kutoa nyimbo hadi miaka ya 1970.

Upande wa pili, Morogoro Jazz ilikuwa imempata kijana aliyezaliwa mwaka ule ule ilipozaliwa bendi yenyewe, 1944. Mbaraka Mwinshehe aliacha masomo ya sekondari kwa ajili ya gitaa, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 ndiye aliyekuwa uso wa bendi hiyo. Alitunga, aliimba, na alipiga solo kwa namna iliyompatia jina la "Soloist National". Kwa Salum, gitaa lilikuwa linautumikia mwendo wa Cuba. Kwa Mbaraka gitaa lilizungumza: wimbo unaanza kwa upole, hadithi inasimuliwa, kisha unafika kwenye chemko, waimbaji wananyamaza na solo inachukua usukani, ikirudia kijineno kimoja mpaka mchezaji asahau miguu yake. Bendi zilikuwa na mitindo yenye majina, na Sululu ilikuwa ya Morogoro Jazz.

Mwaka 1970 bendi hiyo ya mkoani ilipelekwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70, na Mbaraka akarudi na wimbo kuhusu safari hiyo. Salum alikuwa ameishia ufukweni. Kizazi kilichofuata kikavuka. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaunda bendi yake, Super Volcano, na mtindo wa Masika. Santuri zake ziliuzika sana Kenya, "Shida" ikiwa mojawapo. Na ni Kenya alikofia, kwa ajali ya gari, Januari 1979 huko Mombasa. Alikuwa na miaka 34.

Wanamuziki wa dansi wana swali moja ambalo huuliza kabla ya kuuliza mshahara: vyombo vya nani? Kuanzia 1964, jibu kwa bendi nyingi kubwa lilikuwa ni la taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, jeshi na polisi walikuwa na zao. Mpigaji alipata ajira na pensheni, na siku akigombana na bosi alitoka mikono mitupu. Morogoro ilipata sifa kwa njia nyingine. Bendi zake tatu kubwa zilijengwa na wapigaji, ndugu zao na wapenzi wao. Zililipa gharama ya uhuru huo: hakuna aliyewafidia gari lilipoharibika wala amplifaya ilipoungua, na kiongozi alipoanguka barabarani bendi nzima iliyumba. Lakini wimbo haukungoja kibali cha mkurugenzi.

Vijana wa Moro wa leo hawana haja ya springi wala sindano. Mji umehamia kwenye hip hop, na Afande Sele, mwana wa Morogoro, alitwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004. Studio ni chumba kimoja, kompyuta, na godoro lililosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Ukiwasikiliza wakipanga, utasikia mambo yale yale ya 1948: nani ana maikrofoni, nani atachangia umeme, nani atakaa na hesabu.

Nyimbo za Salum Abdallah za miaka ya 1955 hadi 1965 zilikusanywa baadaye na lebo ya Dizim ya Ujerumani, zikatolewa kwa CD huko Ulaya. Zimevuka bahari bila yeye. Jina la mkusanyiko huo limetoka kwenye wimbo wake mmoja, na kwa mtu aliyewahi kuondoka Morogoro kwenda kuitafuta Cuba, akarudi, akaunda bendi na ndugu zake, halikosi kutia tabasamu: "Ngoma Iko Huku".