Mkakati wa kitaifa wahitajika kukabili ugonjwa wa kusahau

KUSAHAU jina la mgeni si ugonjwa. Lakini mzee anapopotea njia ya kwenda kwake au kushindwa kuwatambua wanawe, huenda anaugua demenshia, hali inayotokana na maradhi yanayoharibu ubongo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 57 waliishi na hali hiyo mwaka wa 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za mapato ya chini na ya kadri. Chanzo kikuu ni maradhi ya Alzheimer, ambayo bado hayana dawa ya kuyaponya.

Mnamo Mei 2017, nchi wanachama wa WHO zilipitisha mpango uliotaka asilimia 75 ya mataifa yawe na sera au mkakati kuhusu demenshia kufikia 2025. Lengo hilo halikutimia.

Nchini Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali. Hata hivyo, mzigo huo huachiwa familia, hasa wake, mabinti na wakazamwana.

Isitoshe, kutojua huhatarisha maisha. Katika kaunti za Kisii na Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa Marani, Kisii. Si kila anayeshukiwa huwa mgonjwa, lakini mzee anayetangatanga usiku akisema peke yake huwa rahisi kushukiwa.

Uingereza ilipozindua mkakati wake Februari 2009, ilitilia mkazo mambo matatu: kuelimisha umma, kutambua ugonjwa mapema na kuboresha huduma.

Kenya ina pa kuanzia. Kliniki za shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayoongeza hatari ya demenshia, tayari huwahudumia wazee. Wauguzi wake na wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kufunzwa kutambua dalili. Lakini kwa kuwa huduma nyingi za afya husimamiwa na kaunti, mkakati usiotengewa fedha katika bajeti za kaunti utabaki maandishi tu, na wanaouguza wazee nyumbani wataendelea kuhangaika peke yao.