Malaria imeisha, lakini bandama inaendelea kuvimba: kufahamu mielofibrosi na ndugu zake

Mu vijiji vya Kivu, Ituri na Maniema, mutu akisikia kitu kigumu upande wa kushoto, chini ya mbavu, jibu liko tayari mbele hata afike ku sentre ya afya: malaria imeingia mu bandama. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Bandama, ile wanganga wanaita kwa Kifaransa rate, inachuja damu, na kila malaria inaiongezea kazi. Lakini kuko wagonjwa wenye kumeza dawa ya malaria mara tatu, mara ine, labo haioni tena kimelea hata kimoja, na bandama inaendelea kushuka mpaka inakaribia kitovu. Kati yao kuko wenye kuwa shida yao haikutoka ku mbu. Imetoka ndani ya mifupa.

Moja ya magonjwa hayo inaitwa mielofibrosi. Ni ugonjwa wa mara chache. Mu inchi zenye kuandika wagonjwa wao vizuri, kila mwaka wanapata takriban mugonjwa mumoja mupya kwa watu 100,000, na wengi wamepita miaka 60. Lakini iko na ndugu zake, na mumoja kati yao, mwenye kushika hata vijana, iko na dawa ya kumeza yenye kubadilisha maisha kabisa. Ndiyo sababu inafaa kuijua familia yote.

Kiwanda cha damu

Kila mutu aliyepasua mufupa wa ng'ombe mu sahani anajua uboho: ile kitu laini, yenye mafuta, watoto wanapenda kuinyonya. Mu mwili wa mutu mukubwa, uboho wa mifupa ya nyonga, uti wa mugongo, mbavu na kifua ndio kiwanda cha damu. Unatengeneza karibu miliari 200 za globili nyekundu kila siku, zile zenye kubeba hewa. Kila moja inaishi siku 120 hivi, kisha inavunjwa. Uboho huo huo unatoa globili nyeupe za kupigana na mikrobi, na plakete, zenye kufunga damu wakati mutu anajikata.

Mu mielofibrosi, chembe moja ya mama mu uboho inaharibika na inaanza kuzaa bila mpango. Watoto wake wanatuma amri mbaya mu jirani, na pole pole uboho unajaa nyuzi ngumu, sawa kovu ya kidonda cha zamani. Kiwanda kinakosa nafasi. Ndipo kazi ya kutengeneza damu inahamia mu bandama na mu maini, fasi ilikuwa inafanyika wakati mutu alikuwa bado mu tumbo la mama yake. Bandama ya mutu muzima inapima gramu 150 mpaka 200; ya mugonjwa wa mielofibrosi inaweza kupita kilo kadhaa. Inasukuma tumbo la chakula, na mutu anashiba kisha kula matonge mawili.

Munganga akitaka kuvuta uboho na sindano, mara nyingi hakuna kitu kinachotoka. Hilo halimaanishi kama munganga hajui kazi. Kukauka kwenyewe ni alama ya ugonjwa, na inapaswa kukata kipande kidogo cha mufupa ili kukiangalia ku mikroskopi.

Ndugu wane

Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka wa 1879 na munganga Mujerumani, Gustav Heuck. Mu mwaka wa 1951, Mumarekani William Dameshek akasema kama mielofibrosi na magonjwa mengine ya uboho ni ya ukoo mumoja: yote yanaanza wakati uboho unatengeneza kupita kiasi. Wanganga wangali wanafuata wazo hilo.

Ndugu wa kwanza ni polisitemia vera: globili nyekundu zinazidi mpaka damu inakuwa nzito. Huku kwetu, fasi kila mutu anaogopa kukosa damu, ni vigumu kuamini kama damu mingi ni ugonjwa. Lakini damu nzito inaganda mu mishipa, inaleta kiharusi ao inaziba moyo. Uso unakuwa mwekundu (ku ngozi nyeusi inaonekana zaidi ndani ya macho na mu midomo), kichwa kinauma, na mwili unawasha kisha kuoga maji ya moto. Kuishi fasi ya juu, sawa Bukavu ao Goma zenye kuwa karibu mita 1,500, kunapandisha damu kidogo, na tumbako pia. Kwa hiyo munganga haandike polisitemia juu ya karatasi moja tu ya labo.

Wa pili ni trombositemia, plakete zinapozidi. Wengine wanaishi nayo miaka mingi bila kusikia kitu. Polisitemia na trombositemia, kisha miaka, zinaweza kugeuka mielofibrosi. Na yote tatu, kwa wagonjwa wachache, inaweza kuishia mu kansa ya damu ya kasi.

Mu mwaka wa 2005 wanasayansi walipata kosa mu jene yenye jina JAK2. Karibu wagonjwa wote wa polisitemia wako nalo, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wa mielofibrosi. JAK2 ni sawa interiptere ya taa. Ikikwama, taa inawaka usiku na mchana hata hakuna mutu mu nyumba. (Mu miji yetu wengi wangefurahia taa ya namna hiyo, mu mwili ni hatari.) Kosa hilo halitoke ku wazazi. Linatokea mu chembe moja mu maisha ya mutu mwenyewe. Haliambukize kwa kula pamoja, kwa kulala pamoja, wala kwa kunyonyesha.

Wa mwisho njo ule wa kusimama kwake kwa muda zaidi: lesemi mieloide ya kroniki, yaani kansa ya damu ya pole pole. Globili nyeupe, zenye kawaida ni 4,000 mpaka 10,000 mu milimetre kibe moja ya damu, zinaweza kupita 100,000. Bandama inavimba sawa mu mielofibrosi. Tofauti ni mbili. Mu Afrika, wagonjwa wake wengi ni watu wa miaka 30 ao 40, wenye watoto wadogo na mashamba. Na dawa yake iko.

Karuho, malaria ao kitu kingine?

Mutu anakonda, tumbo linakuwa kubwa, usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa, nguvu inaisha, mifupa inamuuma. Mu Kivu, jina lenye kutajwa haraka ni karuho: mutu amemulisha sumu. Hapo ndipo uharibifu unaanza mara mbili. Mugonjwa anapewa dawa za kutapisha mwezi muzima, na jirani ao mama-mkwe anashitakiwa, wakati mwingine anafukuzwa mu kijiji. Hesabu ya damu ingeonyesha chembe zenye kuharibika, na hakuna mukono wa mutu ndani yake.

Kuko pia desturi ya kuchanja ngozi juu ya bandama ao kuikanda kwa nguvu ili irudi. Mutu mwenye plakete kidogo akichanjwa, damu inaweza kukatala kusimama. Bandama kubwa ikikandwa ao ikipigwa inaweza kupasuka ndani, na mutu anakufa mu saa chache. Mutoto mwenye bandama kubwa, hata kama ni ya malaria, asikandwe.

Ni haki kusema kama bandama kubwa nyingi za huku si za magonjwa ya uboho. Malaria ya kurudia-rudia inaongoza. Kandokando ya Ziwa Albert mu Ituri, na mu Maniema, kuko bilarzia, yenye kuziba mishipa ya maini. Kuko drepanositozi kwa watoto, kuko hepatiti B yenye kukausha maini, kuko kifua kikuu na tifoide. Munganga anapaswa kupita ku hizo kwanza, juu ni za kawaida na ziko na dawa. Kosa ni kusimama ku malaria wakati labo imeikatala mara kadhaa.

Egzame moja ya bei ndogo

Egzame ya kuanza nayo haiombe mashine ya ajabu. Inaitwa NFS, hesabu ya globili zote, pamoja na frotisi, ni kusema tone la damu lenye kupakwa ku kioo na kuangaliwa ku mikroskopi. Ni mikroskopi ile ile ya kutafuta malaria. Kwa hiyo ndugu wa mugonjwa wanaweza kuuliza bila haya: munganga, kama malaria hakuna, tunaweza kufanya NFS na frotisi?

Mutu wa labo mwenye jicho zuri ataona mambo. Mu mielofibrosi, globili nyekundu zinachukua sura ya chozi, juu zilijikaza kupita mu uboho wenye nyuzi, na chembe changa, zenye kupaswa kubaki ndani ya mufupa, zinatembea mu damu. Mu lesemi ya kroniki, kioo kinajaa globili nyeupe za kila umri, changa na zenye kukomaa. Mu polisitemia, hemoglobini inapita gramu 16.5 kwa mwanaume ao 16 kwa mwanamuke.

Kisha hapo ni hopitali kubwa. Kuhakikisha lesemi ya kroniki inaomba kutafuta alama yenye jina BCR-ABL. Mu mashariki watu wanajua GeneXpert, ile mashine ya kifua kikuu, yenye kutumika pia Beni na Butembo wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020. Mashine hiyo inaweza kupima BCR-ABL pia. Kinachokosa mara nyingi ni kartushi yake, si mashine.

Dawa, na zile si dawa

Mbele ya mwaka wa 2001, wagonjwa wengi wa lesemi ya kroniki walikuwa wanakufa kisha miaka michache. Mwaka huo imatinibu ilikubaliwa Marekani. Mu uchunguzi mukubwa wenye kufuata wagonjwa wake, kisha miaka 10, 83 kwa 100 walikuwa wangali hai. Kipimo cha kawaida ni miligramu 400 kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Shirika la Afya Ulimwenguni liliiweka ku liste ya dawa za lazima mu 2015, na kuko jenerike yake kutoka Uhindi, bei ya chini sana kuliko ile ya kwanza. Sheria yake ni moja: kila siku, hata mutu akisikia amepona. Wenye kuacha bila munganga, ugonjwa unarudi, na wakati mwingine unarudi na nguvu yenye dawa haiwezi tena. Mwanamuke mwenye kutaka mimba azungumuze na munganga mbele, juu imatinibu inaweza kuharibu mutoto.

Kwa mielofibrosi hali ni ngumu zaidi. Ruxolitinibu, yenye kukubaliwa Marekani mu 2011, inapunguza bandama, jasho na uchovu, lakini haitoshe ugonjwa, na bei yake iko mbali na mufuko wa familia nyingi. Inaweza pia kuamusha kifua kikuu ao hepatiti B zenye kulala mu mwili, kwa hiyo zinapimwa kwanza. Dawa ya kuponya kabisa ni kupandikiza uboho wa mutu mwingine, kazi nzito yenye hatari, mara nyingi si ya wazee. Kinachobaki, na si kidogo, ni hidroksiure, kinini yenye wazazi wa watoto wa drepano wanaijua: inapunguza bandama na globili zenye kuzidi, basi NFS ifanywe mara kwa mara. Na kuwekewa damu wakati hemoglobini imeanguka, damu yenye kupimwa VIH, hepatiti B na C, na kaswende. Kutosha bandama kwa operasyo kunafikiriwa mwisho, juu wagonjwa wengi wanapata shida kisha.

Polisitemia inatunzwa kwa kutosha damu mu mukono, ili ematokriti ibaki chini ya 45 kwa 100, na aspirini kidogo, munganga akiikubali.

Lengalenga, sombe na kinini za fere zinasaidia mutu aliyekosa fere. Haziwezi kufungua uboho wenye nyuzi. Na kwa mugonjwa wa polisitemia, kumeza fere bila ruhusa ni kutia kuni mu moto.

Mugonjwa wa familia hii anapaswa kukimbia hopitali, si kungojea asubui, kama ana maumivu makali ya gafula upande wa kushoto, homa yenye kutetemesha, damu yenye kutoka mu pua ao mu fizi bila kusimama, mukono ao muguu wenye kufa ganzi gafula, ao muguu mumoja wenye kuvimba na kuuma.

Na juu huku watu wanakimbia vita bila kujipanga, kinini za mwezi zikae mu mufuko mudogo pamoja na karatasi ya NFS ya kwanza. Picha ya karatasi hiyo ku telefone ya ndugu inatosha pia: munganga wa fasi mupya ataona hesabu zilianzia wapi, na hatarudia tena malaria mara ine.