Tupa kuukuu yafaa kuwa kifaa cha kukerezea pete za viko

Pete nyembamba ya pembe au mpingo inayowekwa kati ya shina la kiko na mdomo wake ni pambo dogo tu, ilhali patasi za kuikerezea ni ghali. Fundi asiye na fedha anaweza kuziunda kwa tupa kuukuu, mradi ziwe zile za feleji yenye kaboni nyingi. Tupa hafifu, zilizokomazwa juu juu, makali yake hayadumu.

Pana hatari ambayo aghalabu hupuuzwa. Tupa ni ngumu mno. Ikinaswa na kazi inayozunguka, huvunjika mithili ya kioo na vipande vikaruka usoni. Kwa hivyo sharti ipunguzwe ugumu kwanza: isuguliwe upande mmoja hadi ing'ae, kisha ikae saa moja hivi katika joko la kuokea mikate, kwenye joto la nyuzi 200 hadi 230 za Selsiasi, mpaka pale palipong'aa pageuke rangi ya majani makavu.

Baadaye meno yote yaondolewe, maana nyufa huanzia humo. Ncha itiwe kijibonde cha nusu duara. Hicho ndicho kitakachoacha tuta la mviringo juu ya pete. Wakati wa kunoa, chuma kichovywe majini kila mara. Kikigeuka samawati, ugumu umetoweka na sehemu hiyo haina budi kukatwa.

Kazini, kiegemeo kisogezwe karibu na pete, nayo ncha iinamishwe kidogo ili iparuze, isichimbe. Miwani ya kukinga macho ivaliwe hata kwa kazi ya dakika mbili.