Bei ya Maji Wakati wa Uhaba: Funzo la Jiji la Cape Town

Jiji linapokumbwa na ukame, mamlaka ya maji huwa na njia chache za kupunguza matumizi: kutoa maji kwa mgawo, kupiga marufuku baadhi ya matumizi, kuelimisha wananchi na kupandisha bei. Kati ya hizo, bei ndiyo huzua mjadala mkubwa zaidi, kwa kuwa hakuna kaya inayoweza kuamua kuacha kutumia maji. Jiji la Cape Town, Afrika Kusini, lilitumia njia hizo zote katika ukame ulioanza mwaka 2015, na uzoefu wake unaonesha uwezo wa bei pamoja na mipaka yake.

Hali ilivyokuwa

Cape Town, iliyokuwa na wakazi takriban milioni 4 wakati huo, hutegemea mvua za majira ya baridi zinazojaza mabwawa makuu sita, kubwa kuliko yote likiwa Theewaterskloof. Mvua hizo zilikuwa haba kwa miaka mitatu mfululizo. Ilipofika Januari 2018, uongozi wa jiji ulionya kuwa endapo akiba ya mabwawa ingeshuka hadi asilimia 13.5, mabomba ya majumbani yangefungwa na wananchi wangepanga foleni kwenye vituo takriban 200, kila mmoja apate lita 25 kwa siku. Siku hiyo iliyohofiwa iliitwa Siku ya Sifuri. Kuanzia Februari 1, 2018, kila mkazi alitakiwa kutumia si zaidi ya lita 50 kwa siku.

Bei zinazopanda kwa ngazi

Jiji lilikuwa likitoza maji kwa ngazi: kadiri kaya inavyotumia zaidi, ndivyo kila uniti ya ziada, yaani lita 1,000, inavyogharimu zaidi. Wakati wa ukame ngazi hizo zilifanywa kuwa kali. Kuanzia Februari 2018, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, kila uniti katika lita 6,000 za kwanza za mwezi ilitozwa randi 26.25. Kutoka hapo hadi lita 10,500 ilitozwa randi 46, na hadi lita 20,000 randi 100. Matumizi yaliyozidi lita 35,000 yalitozwa randi 800 kwa uniti.

Ngazi ya kwanza ililingana na kiwango kilichowekwa, kwani watu wanne wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku 30 hufikisha lita 6,000. Kaya hiyo ingelipa randi 157.50. Kaya iliyotumia lita 20,000 ingelipa randi 1,314.50. Matumizi yake ni zaidi kidogo ya mara tatu, lakini ankara yake ni zaidi ya mara nane. Kwa utaratibu huo, mzigo mkubwa huwaangukia wanaomwagilia bustani na kujaza mabwawa ya kuogelea, na maji ya kunywa na kupikia hubaki katika ngazi ya chini.

Ulinzi kwa wasio na uwezo

Hadi katikati ya 2017, kila kaya ilipata lita 6,000 za kwanza bila malipo. Kuanzia Julai mwaka huo, maji ya bure yalibaki kwa kaya zilizosajiliwa kuwa hazina uwezo. Hata hivyo, bei za ngazi zina kasoro moja: mita huhesabu maji, haihesabu watu. Familia kadhaa zinazotumia mita moja, wakiwemo wapangaji wa vyumba vya uani, zinaweza kufika ngazi za juu ilhali kila mtu anatumia maji kidogo. Kwa sababu hiyo, utaratibu wa haki huhitaji njia ya kaya kubwa kuomba nyongeza ya kiwango.

Mapato ya mamlaka

Wananchi wanapobana matumizi, mapato ya mamlaka hupungua, lakini gharama za mabomba, mitambo na watumishi hubaki palepale. Jiji lilipendekeza tozo ya ukame kwa kuzingatia thamani ya nyumba, likaiondoa mapema 2018 baada ya wananchi wengi kuipinga. Julai mwaka huo ilianza tozo ya kudumu inayotegemea ukubwa wa bomba. Walioitikia wito wa kubana maji walijikuta wakilipa tozo mpya, jambo linaloweza kudhoofisha imani ya umma lisipoelezwa mapema.

Matokeo

Matumizi ya jiji yalishuka kutoka takriban lita bilioni 1.2 kwa siku mwanzoni mwa 2015 hadi karibu nusu ya kiasi hicho mwanzoni mwa 2018. Siku ya Sifuri haikufika, na mvua za 2018 ziliinua tena akiba ya mabwawa. Mafanikio hayo hayakutokana na bei pekee. Shinikizo la maji mabombani lilipunguzwa, vidhibiti vya mita vilifungwa kwa waliozidisha matumizi, taarifa za akiba zilitolewa mara kwa mara, na wakulima wa Groenland walitoa sehemu ya maji yao kwa jiji.

Funzo hilo linahusu pia miji ya Afrika Mashariki, ikiwemo Dar es Salaam, ambako kupungua kwa maji ya Mto Ruvu mwaka 2022 kulisababisha mgawo. Anayenunua maji kwa ndoo au dumu hulipa bei ya muuzaji, hivyo bei za ngazi hazimfikii. Ili bei ihimize uangalifu bila kumwumiza mnyonge, mita, ankara inayoeleweka na maji ya msingi ya bei nafuu havina budi kutangulia.