Wiski ilipopewa cheti cha kuzaliwa

Mwaka 1897 Bunge la Marekani liliipa wiski kitu ambacho wengi waliokuwa wameipika kwa mikono yao hawakuwahi kuwa nacho: rekodi rasmi ya kuzaliwa. Sheria yenyewe iliitwa Bottled-in-Bond. Ilitaka wiski itoke katika kiwanda kimoja na msimu mmoja, ilale ghalani chini ya macho ya serikali kwa muda usiopungua miaka 4, kisha itiwe chupani ikiwa na kileo cha asilimia 50 kamili. Juu ya kizibo kilibandikwa kikaratasi cha stempu kilichoonyesha msimu na mwaka iliopikwa, na msimu na mwaka iliotiwa chupani. Misimu ilikuwa miwili tu, machipuko na vuli. Machipuko yalianzia Januari hadi Juni, na vuli ikachukua Julai hadi Desemba.

Lengo lilikuwa kuwadhibiti matapeli. Wachuuzi wa enzi hizo walichukua spiriti ghafi, wakaitia rangi na sukari, wengine wakaongeza maji ya tumbaku, halafu wakaiuza kama wiski iliyokomaa. Lakini kuyagawa maisha ya wiski kwa misimu lilikuwa jambo la zamani kuliko sheria hiyo, na lilitoka shambani.

Huko Kentucky na Tennessee mahindi huvunwa majani ya miti yanapoanza kugeuka rangi, Septemba na Oktoba. Ghala likijaa, mkulima alikuwa na shida mbili: panya na barabara. Kuyavusha mahindi milimani kwenda sokoni kulikula faida yote. Hesabu iliyozoeleka wakati ule ni kwamba farasi mmoja alibeba kama kilo 100 za nafaka, lakini ukiigeuza kuwa wiski, farasi huyohuyo alibeba mazao ya nafaka mara sita ya hiyo. Tena wiski haiozi, na panya haili. Hali ya hewa nayo ilisaidia. Yeyote aliyewahi kuona gongo ikipikwa anajua kwamba kazi yote iko kwenye kuupoza mvuke, na kijito cha mwezi wa Oktoba kinapoza vizuri kuliko cha Julai. Kwa hiyo baada ya mavuno mitambo ya shaba iliwashwa, na makapi yaliyobaki wakalishwa nguruwe, ambao nao walisubiri baridi wachinjwe.

Serikali changa ya Marekani iliiona fedha iliyokuwa ndani ya wiski. Mwaka 1791, kwa shauri la waziri wa fedha Alexander Hamilton, ikatoza ushuru wa pombe kali. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania, ambao kwao wiski ilikuwa karibu sawa na sarafu, walikataa, wakawapaka lami watoza ushuru, na mwaka 1794 wakashika silaha. Rais George Washington aliondoka na askari wapatao 13,000 kwenda kuwazima, na safari hiyo pia ilifanyika vuli. Uasi ukayeyuka kabla ya vita yoyote ya maana. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kilichofuata: alipostaafu, Washington mwenyewe aligeuka mpika wiski. Msimamizi wake wa shamba, Mskoti James Anderson, alimshawishi ajenge kiwanda Mount Vernon, na mwaka 1799 kilitoa zaidi ya lita 40,000, kikiwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa nchini. Wapishi walikuwa watumwa sita: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Majina yao tunayo kwa sababu daftari la shamba liliwaorodhesha pamoja na mali nyingine.

Wiski ikitoka mtamboni ni nyeupe kama maji. Rangi na sehemu kubwa ya ladha hutoka kwenye pipa, na hapo tena misimu ndiyo inayofanya kazi. Pipa la bourbon, yaani wiski ya mahindi ya Marekani, ni la mti wa mwaloni, lazima liwe jipya, na ndani huchomwa moto hadi mbao zifanye ukoko wa mkaa. Joto la kiangazi hukivimbisha kimiminika na kukisukuma ndani ya mbao, kupita mkaa hadi kwenye tabaka jekundu ambako sukari ya mti imeungua kidogo. Vuli ikiingia na ghala likipoa, kimiminika hujikunyata na kurudi kikiwa na utamu, rangi na harufu ya vanila. Kila mwaka sehemu yake huvukia hewani, na wapishi wa huko huiita fungu la malaika. Malaika wa Kentucky ni wanywaji hasa. Jimbo hilo leo lina mapipa mengi kuliko watu.

Pipa likishafunguliwa, jikoni hakuko mbali. Vuli ndiyo majira ya oveni: matufaha, maboga, viazi vitamu na karanga za pekani vyote huingia kwa pamoja, na tangu Abraham Lincoln alipotangaza mwaka 1863 kwamba Alhamisi ya mwisho ya Novemba iwe siku ya shukrani kitaifa, kila familia ina sababu ya kuoka. Kwenye meza za Wamarekani Weusi pai ya heshima ni ya viazi vitamu kuliko ya boga. Abby Fisher, mwanamke aliyezaliwa utumwani South Carolina, aliiingiza katika kitabu chake cha mapishi kilichochapwa San Francisco mwaka 1881. Hakujua kusoma wala kuandika. Alisimulia mapishi yake kutoka kichwani, wengine wakaandika.

Keki ya wiski yenye jina kubwa kuliko zote Kusini ni ya Emma Rylander Lane wa Alabama, aliyeichapa mwaka 1898, mwaka mmoja tu baada ya ile sheria ya stempu. Aliiita keki ya zawadi kwa sababu ilimshindia tuzo kwenye maonyesho, lakini watu wakaishika kwa jina lake. Ute wa mayai huenda kwenye keki yenyewe, ndiyo maana inatoka nyeupe. Viini hupikwa na siagi na sukari mpaka vinakuwa rojo zito, ndipo hutiwa zabibu kavu na glasi ya mvinyo iliyojaa wiski au brandi, kisha rojo hupakwa kati ya tabaka na tabaka. Huokwa kwa Krismasi na kwa siku za kuzaliwa, na huachwa ilale siku kadhaa ikolee kabla ya kukatwa. Harper Lee aliiweka kwenye riwaya yake ya 1960, *To Kill a Mockingbird*, ikiwa na pombe ya kutosha kumlewesha mtoto.

Hapa msomaji wa pwani atauliza swali la haki: si pombe huisha motoni? Haiishi yote. Kwa vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, kitu kilichochanganywa na pombe na kuokwa nusu saa hubaki na takriban asilimia 35 ya kileo chake, na baada ya saa nzima hubaki robo. Rojo la Bi Lane linatiwa wiski moto ukiwa umeshazimwa, kwa hiyo karibu yote inabaki. Walokole wa Kusini wanalijua hilo vizuri, na wengi wao hutia juisi ya zabibu.

Siku za kuzaliwa nazo zina deni kwa Kentucky. Wimbo ambao dunia nzima huuimba mbele ya keki ulianzia Louisville, mji wa wafanyabiashara wa bourbon. Dada wawili, Mildred Hill aliyekuwa mwanamuziki na Patty Hill mwalimu wa chekechea, walichapa mwaka 1893 wimbo wa kuwaamkia watoto asubuhi, na tuni yake ikaja kuvishwa maneno ya bethdei. Kwa miaka mingi kampuni za muziki zilidai malipo kila ulipoimbwa kwenye filamu, hadi jaji wa California alipoamua mwaka 2015 kwamba dai hilo halina msingi. Siku hizi Louisville, na jirani yake Lexington, zina jamii kubwa ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili, wengi wao waliopitia kambi kama Nyarugusu kule Kigoma. Watoto wao huimbiwa wimbo huo kila mmoja kwa tarehe yake. Wazazi wengi wana tarehe moja tu kwenye karatasi, 1 Januari, kwa kuwa afisa aliyejaza fomu alihitaji kuandika kitu.

Na hapo ndipo historia ya wiski inapokuwa historia ya nani aliandikwa. George Garvin Brown alizaliwa 2 Septemba 1846. Alianza biashara Louisville mwaka 1870 akiuza wiski kwenye chupa zilizofungwa tu, ili mgonjwa na daktari wake wawe na uhakika wa walichonunua. Chapa yake, Old Forester, ipo mpaka leo, na tangu mwaka 2002 kampuni aliyoiacha, Brown-Forman, hutoa kila Septemba wiski maalumu ya kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Watu huigombea.

Mwaka 1956 kampuni hiyohiyo ilikinunua kiwanda cha wiski cha Jack Daniel's cha Lynchburg, Tennessee, na ikarithi mwanzilishi wake, mzee asiye na bethdei. Jiwe la kaburi la Jack Daniel linasema 1850. Mwandishi wa maisha yake, Peter Krass, anashikilia Januari 1849. Kampuni ikaona njia nyepesi ni kumsherehekea Septemba nzima.

Aliyemfundisha Jack kazi ana rekodi chache kuliko hata hizo. Nathan Green, aliyejulikana kama Nearest, alikuwa mtumwa aliyekodishwa kwa mchungaji Dan Call, ambaye shambani kwake kulikuwa na mtambo. Jack alifika hapo akiwa kijana mdogo, na Call akamkabidhi kwa Nearest. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki, bila majina yao wenyewe. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland, alieleza katika kitabu chake cha 1845 kwamba watumwa aliowajua walihesabu kuzaliwa kwao kwa kupanda, kuvuna, cheri kuiva, machipuko au vuli. Yeye mwenyewe alijichagulia 14 Februari.

Utumwa ulipokwisha, Jack alifungua kiwanda chake na Nearest akawa mpishi mkuu wa kwanza. Wanawe nao wakaajiriwa. Wiski ya Tennessee huchujwa tone kwa tone kupitia mkaa wa mti wa mepo kabla ya kuingia kwenye pipa, na wapo wanaoihusisha mbinu hiyo na uchujaji wa maji kwa mkaa Afrika Magharibi. Jina la Nearest limo kwenye kitabu cha maisha ya Jack Daniel kilichochapwa 1967, lakini halikujulikana sana hadi mwaka 2016, gazeti la New York Times lilipoandika habari hiyo. Mwaka uliofuata Fawn Weaver, mwandishi na mfanyabiashara, alianzisha chapa ya Uncle Nearest.

Mchanganyaji mkuu wa chapa hiyo ni Victoria Eady Butler, kilembwe cha Nearest, aliyefanya kazi miaka 31 upande wa vyombo vya usalama kabla ya kushika glasi ya kuonjea. Wiski ya kwanza aliyoichanganya, mwaka 2019, inaitwa 1884: mwaka unaoaminika kuwa ndio Nearest alijaza pipa lake la mwisho.