Wagika, Wagalu na jembe: tarehe ya ngoma za Ntuzu

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa wilaya, na kabla ya wilaya ilikuwa nchi ya Ntuzu yenye mtemi wake, jirani ya Itilima, Kanadi na Dutwa. Watemi walifutiwa madaraka mwaka 1963 na mipaka ikachorwa upya mara kadhaa. Lakini upo mgawanyiko mmoja ambao serikali haikuuchora wala haikuufuta. Muulize mzee wa Somanda, hapo Bariadi, yuko upande gani, atakujibu papo hapo: Mgika, au Mgalu.

Simulizi za Wasukuma zinawataja watu wawili, Ngika na Gumha, walioishi katikati ya karne ya 19. Wote wawili walikuwa mafundi wa ngoma na wajuzi wa dawa, na kila mmoja alidai dawa yake ndiyo inayovuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wa Gumha wakawa Wagalu, na vyama hivyo viwili vikaenea Usukuma wote. Mashindano yao yana kanuni moja, nayo ni kali kuliko zote ninazozijua katika sanaa. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, zikitazamana. Mtazamaji yuko huru kwenda anakotaka. Upande utakaozungukwa na watu wengi ndio ulioshinda, na hakuna jaji wa kukata rufaa kwake.

Kwa hiyo kila upande ulitafuta cha kuwavuta watu kutoka kwa mwenzake. Walichonga sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, na baadhi ya sanamu hizo leo ziko katika makumbusho ya Ulaya. Walileta chatu, wakaleta nungunungu. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, alikesha akitunga wimbo wa kumchoma mpinzani wake mbele ya jamaa zake. Chombo kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, kilikuwa jembe.

Bugobogobo ilianza shambani, na ukitaka kuielewa sharti uione kama kazi. Kijiji kilikuwa na kikundi cha vijana chini ya nsumba ntale, kiongozi wao. Mwenye shamba aliwaalika, nao wakaja na ngoma. Mpiga ngoma alisimama mbele ya mstari, akirudi kinyumenyume kadiri tuta lilivyosogea. Walimaji wakainua majembe pamoja na kuyashusha pamoja, na kila mara pigo moja likaachwa wazi: jembe likazungushwa mkononi au kurushwa hewani na kudakwa kabla ya kurudi ardhini. Anayechelewa kudaka anaonekana na mstari mzima. Ngoma ikichapuka, tuta nalo linachapuka, na aliyechoka anaona haya kusimama wakati miguu ya jirani yake inalia njuga. Malipo yalikuwa ng'ombe wa kuchinja, au chakula cha kutosha.

Ndugu yake bugobogobo ni wigashe, inayochezwa kwa kukaa. Vijana wanaketi kwa safu, na mabega, mikono na shingo vinafanya kazi ambayo miguu hufanya kwingine. Kwa kuwa mwili umetulia, sikio linapata nafasi. Ndiyo maana wigashe ni ngoma ya maneno, na kwa upande wangu naiona kuwa kilele cha utunzi wa Kisukuma.

Ngoma hizi hazikuwa za wenyeji peke yao. Wanaume wa huku walikwenda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi, wakipita mapori ya Meatu, na safari hizo zilikuwa na nyimbo zake. Wengine walibeba mizigo ya misafara mpaka Bagamoyo katika karne ya 19, na baadaye wakaenda kukata mkonge Tanga. Vyama vya mafundi wa nyoka, Bayeye, vilisambaa Unyamwezi na Usukuma pamoja na nyimbo zake na dawa zake za sumu ya nyoka. Aliyehamia Ntuzu kutoka utemi mwingine hakuwa na ukoo wa kumpokea, lakini kama alikuwa Mgika aliwakuta Wagika, na kama alikuwa Mgalu aliwakuta Wagalu. Chama kilimpa wa kulima nao, wa kuimba nao na wa kumzika.

Kisha ikaja pamba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Usukuma uligeuka shamba kubwa la pamba, wakulima wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika shirikisho la Victoria lililohusishwa sana na jina la Paul Bomani. Pamba huuzwa katikati ya mwaka, na msimu wa ngoma uko hapo hapo, baada ya mavuno. Fedha ikanunua baiskeli, baiskeli ikampeleka manju vijiji vya mbali, na mashindano yakakua. Miaka hiyo TANU, chama cha kudai uhuru, ilizuiwa kufanya kazi Kanda ya Ziwa, kuanzia 1954 hadi 1958. Mkutano ulihitaji kibali, na wimbo ulipita bila hicho. Elias Songoyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu akiwalinganisha manju wawili, Kalikali na Mwinamila, na namna kila mmoja alivyosimama mbele ya dola. Kazi hiyo inastahili kusomwa na kila anayedhani ngoma ni burudani ya kukaribishia wageni.

Katika miaka ya 1970 mambo mawili yaliutikisa uwanja. Operesheni Vijiji ilihamisha kaya na kuvunja majirani waliozoea kulima pamoja. Plau la kukokotwa na ng'ombe nalo likaendelea kuchukua kazi ya majembe arobaini. Wakati huo huo ardhi ikawa finyu kwa mifugo, na familia nyingi zikaondoka na ng'ombe wao kuelekea Rukwa, Usangu, Kilombero, na baadaye Lindi. Huko Wasukuma ndio wageni, na mara nyingi wageni wasiopendwa. Wamebeba ngoma kama walivyobeba mbegu.

Jembe lilipotoka shambani lilipanda jukwaani. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliwapa Wagika na Wagalu uwanja na makumbusho, na sikukuu ya Bulabo inawakutanisha kila mwaka wakati wa sherehe ya Ekaristi Takatifu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981, kiliwafundisha bugobogobo vijana ambao hawajawahi kulima tuta. Simiyu kwenyewe, maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, na vikundi vya ngoma vikapata watazamaji wengi.

Nashukuru kwa yote hayo, na bado nina dukuduku. Jukwaa la sherehe humpa kila mtu dakika kumi, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mgeni rasmi aliyeketi kwenye kiti ambacho hawezi kukihama. Kikundi kikicheza hivyo hakina mpinzani, na ningi asiye na mpinzani hana sababu ya kutunga wimbo mpya. Ataimba ule wa mwaka jana, akibadilisha jina la kiongozi. Kanuni ya Ngika na Gumha ilimtaka mtazamaji atembee.

Simiyu inaongoza nchini kwa pamba, na msimu wake haujahama. Bariadi haihitaji jukwaa jingine. Inahitaji kiwanja kisicho na viti, siku nzima ya Julai pamba ikishauzwa, pande mbili zitazamane, na Wasukuma wa Katavi na Usangu waalikwe na manju wao waje na nyimbo walizotunga ugenini, ili Ntuzu isikie imesemwaje huko na ijibu.